Mwongozo kamili: kuunda na kupaka rangi modeli ya pikapu ya polisi, skeli ya 1:24

Maswali kuhusu modeli za magari ya polisi hufanana. Nyeusi imevujia ndani ya nyeupe. Maandishi ya mlangoni yameacha kivuli cha fedha pembeni. Vioo vimeingia ukungu siku ileile gari lilipokamilika. Wengi wanaouliza wana mikono mizuri. Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi na kwenye subira kati ya hatua moja na nyingine. Gari la rangi moja huficha kasoro nyingi. La polisi, lenye rangi mbili zinazopingana na maandishi makubwa ubavuni, huanika kila kitu.

Mwongozo unafuata pikapu ya plastiki ya milango minne, nyeupe kwenye milango na paa, nyeusi kwingineko, yenye taa za king'ora juu. Mwenye seti ya 1:25 afuate hatua hizihizi.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kwanza. Kukosa kitu kimoja katikati ya kazi ndiko kunakomfanya mtu abandike tepu isiyofaa au achanganye rangi zisizopatana.

Kukata na kusafisha
- Plaizi ndogo ya kukatia
- Kisu chembamba cha kubadilisha wembe, pamoja na nyembe mpya za akiba
- Msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000
- Kibano chenye ncha nyembamba
- Drili ya mkono na biti za milimita 0.3 hadi 1

Kugundisha
- Gundi ya plastiki ya majimaji, yenye brashi kwenye kifuniko
- Supaglu
- Gundi nyeupe ya mbao
- Puti ya modeli

Rangi
- Praima (rangi ya msingi) ya kijivu na praima nyeupe
- Nyeupe, nyeusi ya kung'aa, nyeusi iliyofifia (isiyong'aa), fedha
- Nyekundu na bluu za kupitisha mwanga
- Vanishi ya kung'aa
- Tepu ya kufunikia ya wana modeli, yenye upana wa milimita 2 au 3, na nyingine pana

Stika
- Stika za maji za gari lako
- Dawa ya kulainishia stika

Usalama
- Barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haizuii mvuke wa tina, yaani kiyeyushi cha rangi.
- Glavu, miwani, na mahali penye hewa inayopita

Kabla ya kulipa, soma makopo ya rangi. Kuna laka, enameli na akriliki. Laka ikipulizwa juu ya enameli, tina yake kali huamsha rangi ya chini na uso wote hukunjamana. Njia salama ni kununua praima, rangi na vanishi za familia moja, na ikiwezekana za kampuni moja.

## Hatua ya 1: Chagua gari moja halisi

Tafuta picha za gari moja la kikosi kimoja: mbele, nyuma, mbavu zote mbili na paa. Ukichanganya picha za magari matano utaishia na taa za mwaka huu juu ya bampa la miaka ishirini iliyopita, na mtu anayeyajua magari hayo ataliona hilo kabla hajaona rangi yako.

Andika kwenye karatasi: mstari wa rangi unapita wapi, antena ni ngapi, bampa la kusukumia lipo au halipo, namba ya paani ipo au haipo. Vikosi vingi huandika namba kubwa juu ya paa ili ionekane kutoka kwenye helikopta.

Hapohapo piga hesabu za skeli. Kwenye 1:24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari. Bomba la bampa lenye unene wa milimita 48 linakuwa milimita 2. Mtambo wa taa wenye urefu wa mita 1.2 unakuwa sentimita 5. Antena yenye unene wa milimita 5 inakuwa karibu milimita 0.2, ndiyo maana antena nyingi zinazokuja na seti huonekana nene kama nguzo.

## Hatua ya 2: Osha, kata, safisha

Osha fremu zote za plastiki zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke zenyewe. Kiwandani huwekwa mafuta ili plastiki itoke kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Usivunje kipande kwa mkono. Kata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu nacho, halafu malizia kwa kisu na msasa wa 400 na 600. Ukikata karibu mara moja, plastiki hung'oka na kuacha doa jeupe au shimo.

Tafuta mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Kwenye pikapu hupita mara nyingi kwenye kona za paa na juu ya mabawa ya matairi. Ukwangue kwa mgongo wa wembe, kisha msasa. Usipouondoa sasa, nyeusi ya kung'aa itauonyesha baadaye, na wakati huo hutaweza kuufikia bila kuharibu rangi.

Utajua imekaa sawa ukipitisha ukucha juu ya kona usikwame popote.

## Hatua ya 3: Unganisha bila gundi, kisha toboa

Shikilia bodi, chesisi, kabini na sehemu ya mizigo kwa vipande vya tepu. Simamisha gari kwenye kioo au kigae bapa. Tairi zote nne ziguse chini. Angalia kama kabini na sehemu ya mizigo vinalingana kwa urefu.

Toboa sasa matundu yote: antena, miguu ya taa za paani, taa ya kumulikia pembeni mwa kioo cha mbele, skrubu za bampa. Biti ikipita kwenye rangi iliyokauka hubandua ukingo.

## Hatua ya 4: Gundisha bodi

Gundi ya plastiki haibandiki, inayeyusha. Kutanisha vipande kwanza, gusisha brashi kwenye ufa, na majimaji yatajivuta yenyewe ndani. Kwa sababu hiyo haifanyi kazi juu ya rangi wala juu ya kromu. Kwangua kromu mahali pa kuungia mpaka uone plastiki.

Acha kiungo usiku mzima. Kisha jaza nyufa kwa puti, kwa tabaka jembamba, na usisugue siku hiyohiyo. Puti husinyaa inapokauka. Ukiisawazisha mapema, kesho yake utakuta mtaro.

Usigundishe vioo, taa wala vioo vya pembeni. Bado.

## Hatua ya 5: Chesisi na ndani

Hapa hapahitaji maneno mengi. Chesisi ni nyeusi iliyofifia, injini na gia vinapata fedha iliyochanganywa na kijivu. Viti, sakafu na dashibodi vipake kijivu kilichokoza badala ya nyeusi tupu. Kupitia vioo vidogo nyeusi hula maumbo yote.

Kinachotofautisha kabini ya polisi ni wavu wa kumtenga mtuhumiwa nyuma ya viti vya mbele, redio, na kompyuta karibu na dereva. Wavu wa shaba mwembamba ndani ya fremu ya plastiki unatosha. Waya wa redio tengeneza kwa uzi wa waya wa umeme uliozungushwa kwenye sindano.

Tahadhari kwa tairi laini za vinili: zinaweza kuyeyusha plastiki zinapoigusa kwa muda mrefu. Zungushia rimu ukanda mwembamba wa foili kabla ya kuvisha tairi.

## Hatua ya 6: Praima

Futa vumbi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na usiguse tena bodi kwa mkono mtupu. Puliza praima ya kijivu kwanza, tabaka mbili nyepesi. Kijivu kina kazi moja kubwa: kukuonyesha mikwaruzo na mashimo ambayo plastiki ilikuwa inayaficha. Rekebisha, sugua kwa 1000 na maji, puliza tena panapohitajika.

Kisha puliza praima nyeupe. Nyeupe ya mwisho juu ya kijivu huhitaji tabaka nyingi, na tabaka nyingi huzika mistari ya milango.

Kama plastiki ya seti ni nyekundu, usiruke kijivu kabisa. Rangi ya plastiki hiyo huweza kupanda na kuifanya nyeupe yako iwe waridi siku kadhaa baadaye. Tabaka la fedha chini ya nyeupe huizuia.

## Hatua ya 7: Nyeupe kwanza

Wengi huanza na nyeusi kwa sababu ndiyo inayofunika eneo kubwa. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Nyeusi hufunika nyeupe kwa tabaka moja au mbili. Nyeupe ikipulizwa juu ya nyeusi hutaka tabaka tano au sita, na mwishowe unabaki na ngazi inayoonekana pale rangi zinapokutana.

Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 25. Liweke kwanza dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi itoke laini; usiliweke kamwe karibu na moto. Anza kupuliza nje ya gari, pita juu yake, malizia nje. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, la pili lifunike zaidi, la tatu liwe na unyevu wa kutosha kung'aa. Mwenye eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) achanganye rangi na tina mpaka iteleze kwenye ukuta wa chombo jinsi maziwa yanavyoteleza, na apulize kwa shinikizo la psi 15 hadi 20.

Usipulize siku ya mvua au yenye unyevu mwingi. Unyevu hunaswa kwenye laka na kuacha ukungu.

Sasa subiri. Laka iache angalau saa 24 kabla ya tepu. Enameli iache siku kadhaa, hata wiki. Kipimo changu ninachokiamini kuliko saa ni pua: sogeza bodi karibu na uso. Ukisikia harufu ya rangi, tina bado inatoka, na tepu itaacha alama.

## Hatua ya 8: Tepu, kisha nyeusi

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo wote. Ipe siku nzima.

Kwanza, mstari. Tumia tepu ya milimita 2 au 3 kuchora mpaka wa rangi. Tepu nyembamba hupinda kwenye mabawa bila kukunjamana, pana haipindi. Kata ukingo wa tepu upya juu ya kioo kwa wembe na rula, kwa sababu kingo za roli hushika vumbi na nyuzi. Mara nyingi mpaka hupita kwenye ufa wa mlango. Hapo ingiza tepu ndani ya ufa kwa kijiti cha meno.

Pili, funika kilichobaki. Tepu pana karibu na mstari, karatasi mbali zaidi. Funika pia madirisha kutoka ndani. Rangi huingia kabini na kutokea upande wa pili.

Tatu, ziba ukingo kwa nyeupe ileile. Wengi huiruka hatua hii na ndiyo siri yote. Puliza tabaka jepesi la nyeupe juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, kitakachovuja ni nyeupe juu ya nyeupe, na hakuna atakayekiona. Upenyo ukishajaa, nyeusi haina pa kupita. Acha ikauke nusu saa.

Nne, puliza nyeusi. Elekeza rangi kutoka upande wa tepu kwenda nje, usiielekeze kwenye ukingo, kwa maana shinikizo huisukuma chini ya tepu. Tabaka mbili za ukungu, kisha moja yenye unyevu. Ikionekana kijivu baada ya ukungu wa kwanza, usiharakishe kuijaza.

Tano, toa tepu mapema. Nyeusi ikishakauka kwa kuguswa lakini bado haijakomaa, vuta tepu ikijirudia juu ya mgongo wake, polepole, ukiiacha rangi nyuma. Ukingoja siku mbili, filamu ya rangi huwa ngumu na kuvunjika kwa meno meno.

Ikiwa kuna doa lililovuja, usilifute kwa tina. Subiri rangi ikomae, kisha likwangue kwa kijiti cha meno kilicholowa au kipande kidogo cha msasa wa 2000 na maji. Panapobaki alama, brashi nyembamba na nyeupe iliyolainishwa zinatosha.

Utajua umefaulu ukitazama mstari kutoka pembeni kwenye mwanga: unanyooka kwenye kingo za milango na paa, na ukiugusa kwa kidole hakuna ngazi kubwa unayoihisi.

## Hatua ya 9: Stika za maji

Kivuli cha fedha kinachozunguka maandishi ni hewa. Uso uliofifia una mabonde madogo mno. Filamu ya stika hukaa juu ya vilele vyake na hewa hubaki chini. Kwa hiyo puliza vanishi ya kung'aa kwanza, hata kama gari la mwisho litakuwa limefifia, na iache ikauke saa 24.

Kisha fanya hivi kwa kila stika:

1. Ikate karibu na maandishi kadiri mkono unavyoruhusu. Filamu tupu ikiwa ndogo, kivuli nacho hupungua.
2. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 15 hadi 20, itoe, iweke kwenye tishu. Subiri mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi. Ukiiacha ndani ya maji, gundi yake yote huondoka.
3. Lowesha mahali pake kwa tone la maji, telezesha stika kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye gari, rekebisha kwa brashi.
4. Kausha kwa tishu kuanzia katikati kwenda pembeni.
5. Paka dawa ya kulainishia. Stika inaweza kukunjamana na kutisha. Usiiguse kabisa. Ikikauka itajinyoosha na kulala kwenye uso.

Jaribu dawa kwanza kwenye stika ambayo hutaitumia. Baadhi ya stika nyembamba huyeyuka.

Stika ikivuka ufa wa mlango, acha ikauke, ikate juu ya ufa kwa wembe mpya, kisha paka dawa tena ili kingo zizame. Kivuli kikitokea licha ya yote, choma kwa sindano mara kadhaa na uongeze dawa. Itanyonywa ndani na hewa itatoka.

Unayetaka maandishi ya kikosi ambacho seti yake haipo dukani, unaweza kuchapa mwenyewe kwenye karatasi ya stika. Printa za kawaida hazichapi nyeupe. Maandishi meusi ya mlango mweupe yachape kwenye karatasi angavu. Maandishi meupe ya eneo jeusi hutaka karatasi nyeupe, huku ukichapa nyeusi kuyazunguka. Wino wa printa ya wino huyeyuka majini, hivyo pulizia vanishi juu yake kabla ya kulowesha. Herufi zenye urefu wa sentimita 10 kwenye gari halisi ziwe milimita 4.

## Hatua ya 10: Vanishi ya mwisho

Futa mabaki ya gundi ya stika kwa kitambaa chenye unyevu. Yakibaki, hugeuka madoa ya njano chini ya vanishi. Puliza tabaka mbili au tatu nyepesi sana kwanza. Laka nzito ikilowesha stika kwa mara moja inaweza kuiyeyusha. Baada ya hapo tabaka moja lenye unyevu.

Mistari ya milango itie kivuli sasa. Kwenye nyeupe tumia kijivu cha kati. Nyeusi kwenye milango meupe hufanya gari lionekane limechorwa kwa kalamu. Kuhusu matope, kuwa na kiasi. Magari ya doria huoshwa mara kwa mara, na vumbi kidogo nyuma ya tairi na chini ya milango linatosha.

## Hatua ya 11: Vioo na taa

Supaglu na plastiki angavu ni maadui. Mvuke wake huganda juu ya kioo na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Gundisha vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, kidogo, kwenye kingo za ndani tu. Inakauka angavu, na iliyozidi hutoka kwa kijiti chenye maji. Mpira unaozunguka kioo upake nyeusi iliyofifia kabla ya kukiweka.

Vifuniko vya taa za king'ora vipake nyekundu na bluu za kupitisha mwanga kutoka ndani, ili uso wa nje ubaki unang'aa. Chini yake weka foili iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa: mikunjo hurudisha mwanga kwa pande nyingi kama viakisi halisi. Tazama picha yako ujue bluu iko upande wa dereva au wa abiria.

Ukitaka ziwake kweli, tumia betri ya volti 9 na rezista moja kwa kila LED: omu 470 kwa nyekundu, omu 390 kwa bluu. Bluu hutumia volti nyingi zaidi kuliko nyekundu, na zikiunganishwa sambamba kwenye rezista moja, nyekundu itakula umeme wote na bluu itafifia mno au isiwake kabisa. Paka ndani ya paa nyeusi kisha fedha, la sivyo mwanga utapenya plastiki na paa zima litawaka.

## Hatua ya 12: Vinavyovunjika kwa urahisi

Unganisha chesisi na bodi, kisha bampa la kusukumia, vioo vya pembeni, waipa na taa ya kumulikia. Kwenye vipande hivi vilivyokwisha pakwa rangi tumia epoksi au gundi nyeupe.

Antena ziwe za mwisho kabisa. Waya wa chuma wa gitaa, uzi mwembamba kuliko yote, una unene wa karibu milimita 0.25 na haupindi hovyo. Ukate kwa plaizi ya chuma, si ile ya plastiki, ukivaa miwani. Chovya ncha kwenye gundi nyeupe, isimamishe kwenye tundu ulilolitoboa katika hatua ya 3, na uilinganishe na kona ya kabini kabla gundi haijashika. Usiku huo gari lisiguswe.